Deni la Mlimani

Mwaka 1966 Serikali ya Tanzania iliwaambia wasomi wake kwamba wakimaliza chuo watalitumikia taifa kwa miaka miwili, na kwa miezi 18 kati ya hiyo watapokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mwaka 2016 sheria ikasema mhitimu aliyesoma kwa mkopo, akipata ajira, akatwe asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Ukizitazama tarakimu hizo peke yake utadhani kizazi cha pili kimepata nafuu kubwa. Sivyo. Kijana wa 1966 alikuwa na kitu ambacho mwenzake wa 2016 hakuwa nacho: kazi iliyokuwa ikimsubiri kabla hata hajavua joho.

Siku hizi swali la kama chuo kikuu kinalipa huulizwa kila mahali Tanzania: kwenye vikao vya ukoo vya kuchangishana ada, kwenye vijiwe vya bodaboda ambako dereva mmoja ana shahada ya ualimu, bungeni wakati wa bajeti ya Wizara ya Elimu. Huulizwa kana kwamba ni jambo la mtu na mfuko wake. Historia ya Mlimani, jina ambalo wengi hukiitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inaonyesha kwamba swali la kwanza lilikuwa jingine kabisa. Mhitimu hakuulizwa atapata nini. Aliulizwa anadaiwa nini, na nani anamdai.

Kabla ya uhuru Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, Uganda, chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na wachache sana walivuka bahari. Julius Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akarudi kufundisha Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarejea 1952. Njia ilikuwa nyembamba, na kila aliyepita alikuwa amesukumwa na mikono ya wengi: misheni, serikali ya kikoloni, na katika mikoa ya kahawa, wakulima wenyewe. Kilimanjaro na Bukoba fedha za kahawa zilijenga madarasa na kusomesha vijana. Mzee aliyebeba gunia lake hadi ghala la ushirika alijua mchango wake unakwenda wapi. Alijua pia anachotarajia: mwalimu, tabibu, karani, mtu wa kuwasemea wenzake mbele ya Mkuu wa Wilaya Mzungu. Hapo shahada ilikuwa na thamani ambayo haikuhitaji kupigiwa hesabu, kwa sababu walioilipia na waliotarajia kufaidika nayo walikuwa watu walewale.

Nyerere alikuja kukumbusha miaka mingi baadaye kwamba nchi iliingia katika uhuru ikiwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Ofisi zilizobaki zilikuwa mikononi mwa Waingereza, na Waingereza walikuwa wakifunga mizigo.

Ndiyo maana chuo kilifunguliwa kwa haraka ambayo leo ingeshangaza tume yoyote ya vyuo vikuu. Oktoba 25, 1961, wiki sita tu kabla ya bendera mpya kupandishwa, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza masomo katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi hawakufika 20. Kitivo kilikuwa kimoja, cha sheria, kwa kuwa Makerere ilikuwa bado haifundishi sheria na taifa jipya lisingeweza kuwa na mahakama za kuazima. Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, upande wa Ubungo, na ndipo jina la Mlimani lilipoota mizizi. Julai 1970 kila nchi ilichukua chuo chake.

Serikali ililipa gharama zote: ada, chakula, malazi, vitabu. Haikufanya hivyo kwa ukarimu. Ilikuwa na mpango wa kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo mwaka 1980, na nafasi za chuo zilipangwa kufuata mpango huo: walimu kadhaa, wahandisi kadhaa, wachumi kadhaa. Kijana aliyechaguliwa alifungwa na ahadi ya kuitumikia serikali kwa miaka 5 baada ya kuhitimu, na serikali nayo ilikuwa imefungwa kumpangia kazi. Pande zote mbili zilijua bei. Hakuna aliyeuliza kama shahada inalipa, kama vile askari aliyepewa bunduki hakuulizwa kama bunduki inamlipa.

Nyerere aliueleza mkataba huo kwa mfano ambao watu wa umri fulani bado wanausimulia. Kijiji kina njaa. Wanakijiji wanakusanya chakula chote kilichobaki na kumpa kijana mmoja mwenye nguvu, ili apate uwezo wa kwenda mbali kuwatafutia chakula kingine. Akikila na asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huo ni mkali, na ukali wake uko katika jambo ambalo ni rahisi kulipita: chakula kilikuwa cha wenye njaa. Mkulima wa pamba wa Shinyanga aliyelipa kodi hakuwa na mtoto Mlimani, na kwa uwezekano wa wakati ule asingekuwa naye kamwe. Alikuwa akisomesha mtoto wa mtu mwingine.

Mfano wenyewe ulijaribiwa mwaka 1966.

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilikuwa limeanzishwa mwaka 1963, na waliojiunga kwa hiari walikuwa hasa vijana wasio na kisomo kikubwa. Wasomi hawakujitokeza. Serikali ikapendekeza kwamba wanaomaliza kidato cha sita na vyuo walazimike: miezi michache kambini wakilima, wakijenga na kushika silaha, kisha miezi 18 katika kazi walizosomea, kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa chuo waliona wameonewa. Walisema wao peke yao ndio wanaodaiwa kujitoa, huku mawaziri na wakubwa wakiendesha magari na kujenga nyumba za kupangisha. Jumamosi ya Oktoba 22 waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, na mabango yao yalifika mahali pa kusema hali ilikuwa bora wakati wa ukoloni.

Nyerere aliwasikiliza mpaka wakamaliza kusoma madai yao, kisha akajibu, na hasira yake haikufichika. Aliwakubalia jambo moja: mishahara ya wakubwa, hata yake, ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini. Akatangaza palepale kwamba anapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Kuhusu JKT hakurudi nyuma hata hatua moja. Karibu wanafunzi 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, walifukuzwa na kurudishwa makwao chini ya ulinzi. Miongoni mwao alikuwemo Samuel Sitta, ambaye miongo minne baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Wengi waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata.

Adhabu ilikuwa kali, na inawezekana kabisa kusema ilikuwa kali kupita kosa. Vijana walikuwa na hoja, na Nyerere mwenyewe alikiri hivyo alipojikata mshahara. Miezi isiyofika minne baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Madai ambayo wanafunzi walifukuzwa kwa ajili yake yaliingia katika sheria za chama. Mwezi uliofuata likaja andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule zilime na wanafunzi wafahamu kwamba wanaishi kwa jasho la wengine.

Kilichobaki cha tukio lile, ukiondoa majoho na mabango, ni kwamba nchi nzima ilizungumza waziwazi juu ya bei ya shahada. Serikali ilisema bei ni jasho. Wanafunzi walisema: sawa, lakini walipe wote waliokula. Mjadala wa namna hiyo, wenye pande mbili na tarakimu mezani, Tanzania haijaupata tena tangu siku hiyo. Hata Machi 1978, wanafunzi walipoingia barabarani kupinga nyongeza za mafao ya wabunge na mawaziri, walifukuzwa zaidi ya 300, na hoja yao ilikuwa ileile: kwa nini mnaotudai hamlipi?

Katikati ya matukio hayo mawili lilipita Azimio la Musoma, Novemba 1974. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo moja kwa moja. Ilimpasa afanye kazi walau miaka miwili na apate barua ya kumsifu kutoka kwa mwajiri na tawi la chama. Nia ilikuwa kuzuia watu kuingia chuoni kama watoto waliotoka mikononi mwa mama. Waliokwenda Mlimani miaka hiyo walikuwa watu wazima wenye mishahara na familia, na walimu wao wanasema darasani hawakuwa wa kuchezewa. Wanawake ndio walioumia: katika miaka ile miwili ya kazi wengi waliolewa na kuzaa, idadi yao chuoni ikashuka, na baada ya muda mfupi masharti yakalegezwa kwao. Katikati ya miaka ya 1980 utaratibu mzima ulikuwa umekwisha.

Kufikia hapo mkataba wenyewe ulikuwa unachoka. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba, na mfumuko wa bei ulifanya mshahara wa serikali uwe karatasi. Mhadhiri aliyekuwa na shahada tatu hakuweza kulisha familia yake hadi mwisho wa mwezi. Kwenye nyumba za wahadhiri kilimani yalitokea mabanda ya kuku na zizi la ng'ombe, na neno “mradi” likapata maana mpya: kazi ya pili inayomlisha mwenye kazi ya kwanza. Wengine waliondoka kwenda kufundisha Botswana, Lesotho na Swaziland. Ukipima kwa mfuko, shahada ya Tanzania haikuwahi kuwa na thamani ndogo kama katikati ya miaka ya 1980. Hata hivyo haikuwa miaka ya kuuliza kama chuo kinalipa. Hakukuwa na ada ya kujutia, na mwenye shahada aliyefuga kuku bado alikuwa na nyumba ya chuo ya kuwafugia.

Swali lilipokuja, lilitoka Washington.

Mwaka 1986, mwaka uleule ambao serikali ya Ali Hassan Mwinyi ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, Benki ya Dunia ilichapisha utafiti juu ya namna nchi zinazoendelea zinavyogharimia elimu. Mmoja wa waandishi wake alikuwa mchumi Mgiriki, George Psacharopoulos, aliyetumia miaka mingi kupiga hesabu ya faida ya kila ngazi ya elimu: shilingi iliyotumika shule ya msingi inairudishia jamii kiasi gani, na ya chuo kikuu kiasi gani. Jibu lake lilikuwa kwamba shule ya msingi inailipa jamii zaidi, na chuo kikuu kinamlipa zaidi mwanafunzi mwenyewe. Basi mwanafunzi alipe, na asiye na fedha akope.

Ndani ya hoja hiyo kulikuwa na ukweli ambao ujamaa wenyewe ungeukubali. Ni kweli mkulima wa Shinyanga alikuwa akimsomesha mtu atakayempita kwa mbali. Lakini hesabu ile ilikuwa na kasoro kubwa, na nchi nzima ilikuja kuilipia. Faida ya mhitimu ilipimwa kwa mishahara ya wakati ambapo wahitimu walikuwa haba na serikali iliwaajiri wote. Kisha, katika kifurushi kilekile cha masharti, serikali ikaambiwa ipunguze wafanyakazi na isimamishe ajira. Mwanafunzi aliambiwa alipe kwa sababu kazi nzuri inamsubiri, na papo hapo kazi hiyo ikaondolewa.

Sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu ilitangazwa mwaka 1988. Wanafunzi walielewa mapema inakoelekea. Migomo ya mwanzoni mwa mwaka 1990 iliishia kwa serikali kukifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwezi Mei, na masomo hayakurudi hadi mwaka uliofuata. Nchi jirani hazikuwa na hali tofauti. Desemba mwaka huohuo wanafunzi wawili wa Makerere waliuawa kwa risasi katika mgomo wa kutetea posho zao.

Utekelezaji ulikuja kwa awamu, taratibu, mpaka watu wakazoea. Mwaka wa masomo 1992/93 mwanafunzi alianza kujilipia nauli ya kwenda na kurudi chuoni, ada ya maombi, usajili, na mchango wa serikali ya wanafunzi. Mwaka uliofuata chakula na malazi navyo vikawekwa juu yake, na kuanzia 1994/95 serikali ilimkopesha fedha za mahitaji hayo. Mkopo ulitolewa bila chombo cha kuudai. Wengi waliopokea fedha hizo waliziona kama posho ya kawaida, wakahitimu, wakaendelea na maisha. Miaka zaidi ya kumi baadaye walipata barua.

Kuna sadfa moja ambayo wanaoandika historia ya elimu wameipita haraka mno. Mwaka 1994, mwaka wa mkopo wa kwanza, ndio mwaka ambao serikali ilisitisha mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria kwa kukosa fedha. Yalirejeshwa mwaka 2013, yakiwa mafupi na kwa wahitimu wa kidato cha sita. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja deni la jasho, lililowafanya vijana wa 1966 waandamane, lilifutwa, na deni la fedha likaandikwa mahali pake. Hakuna hotuba iliyotangaza badiliko hilo kwa wananchi. Halikupigiwa kura. Uhusiano kati ya msomi na kijiji kilichomlisha ulihamishwa kimyakimya kutoka kwenye utumishi kwenda kwenye leja.

Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Sasa hata ada ilikuwa sehemu ya mkopo. Sheria ilipitishwa wakati wa Rais Benjamin Mkapa, aliyehitimu Makerere mwaka 1962. Ikasimamiwa na serikali ya Jakaya Kikwete, mhitimu wa Mlimani wa mwaka 1975, kisha ya John Magufuli, aliyechukua shahada yake ya kwanza hapohapo mwaka 1988. Wote watatu walisoma kabla ya awamu ya kwanza ya uchangiaji. Kutaja hilo si kuwatukana. Ni kusema kwamba kizazi kilichosomeshwa na umma ndicho kilichoandika masharti ya mkopo kwa watoto wa umma, na kwamba katika mijadala ya miaka ile ni nadra kusikia mmoja wao akiuliza deni lake mwenyewe lilikwisha lini.

Bodi haikuwa mbaya kwa kuwepo. Bila yake vyuo visingepanuka. Baada ya Chuo Kikuu cha Sokoine kujitenga na Mlimani na kuwa chuo kamili mwaka 1984 na Chuo Kikuu Huria kuanza kufundisha mwaka 1994, vilikuja vyuo vya madhehebu na vya watu binafsi: Hubert Kairuki, Tumaini, Mtakatifu Agustino Mwanza. Mwaka 2007 kilizaliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoingiza maelfu kwa wakati mmoja. Kijana wa Namtumbo au Ngara, ambaye baba yake asingekuwa na nafasi hata moja mwaka 1966, sasa alikuwa nayo. Fedha za kujikimu zinapoingia, vyuo vyote hujua ndani ya dakika chache: “bumu” limetoka. Madeni ya mgahawani hulipwa, simu huongezwa vocha, na wenye wadogo wanaosoma sekondari hutuma kitu nyumbani. Fedha hizo, zilizokuwa 7,500 kwa siku kisha 8,500, zilipandishwa kuwa shilingi 10,000 mwaka wa masomo 2022/23. Ada yenyewe katika vyuo vya umma iko kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka kwa kozi nyingi. Vitanda havitoshi, na Mlimani wana neno lao, “kubebana”, kwa wanafunzi wawili wanaolala kwenye kitanda cha mmoja.

Ugomvi ulikuwa juu ya nani apewe na kiasi gani. Mwaka 2007 serikali ilipotaka wanafunzi walipe asilimia 40 ya gharama wenyewe, Mlimani iligoma na wengi wakasimamishwa. Suluhisho likawa kuwapanga waombaji katika madaraja, kuanzia A aliyepewa asilimia 100 hadi F asiyepewa kitu, kwa kutazama hali ya wazazi. Kazi hiyo ni ngumu katika nchi ambayo wazazi wengi hawana hati ya mshahara. Yatima mwenye cheti cha kifo cha mzazi hueleweka. Mtoto wa mvuvi wa Ukerewe ambaye baba yake yu hai lakini ziwa halina samaki, fomu haina mahali pa kumwandika.

Wakati foleni ya kuingia ikirefuka, mlango wa kutokea ulibaki uleule. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilitangaza nafasi 70. Walioitwa kwenye usaili walizidi 10,000, na kwa kuwa hakuna ukumbi wa kuwatosha, walifanyiwa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Picha zake zilienea nchi nzima: vijana wenye vyeti katika bahasha wamejaa majukwaa yanayokaliwa siku za Simba na Yanga. Kwa wazazi wengi siku ile ndiyo iliyogeuza minong'ono kuwa swali la wazi. Miaka mitatu baadaye lilikuja tukio la upande wa pili. Aprili 28, 2017, Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Watu hawaghushi kitu kisicho na thamani. Katika ajira ya serikali cheti bado kilikuwa ufunguo. Tatizo lilikuwa kwamba milango ilikuwa michache kuliko funguo.

Mwaka 2016, kati ya matukio hayo mawili, ndipo makato yalipopanda kutoka asilimia 8 hadi 15. Wapo waliokuwa wamesaini mikataba ya asilimia 8 na kushtuka walipoona hati zao za mshahara. Juu ya deni la msingi kulikuwa na asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Kwa mwalimu aliyekaa miaka minne bila ajira, deni lilikuwa limeongezeka katika miaka ileile ambayo hakuwa na senti. Bodi ilitoa hadharani majina ya “wadaiwa sugu”, neno ambalo liliwachanganya waliokataa kulipa na waliokosa cha kulipia. Makusanyo yalipanda sana, hilo halina ubishi, na fedha hizo zilikopeshwa wengine. Lakini kumuita msaliti kijana aliyetumwa kutafuta chakula mahali ambapo chakula hakipo ni jambo ambalo hata mfano wa Nyerere haukuruhusu. Mfano ule ulimhukumu anayekataa kurudi. Haukusema lolote juu ya anayerudi na kukuta kijiji hakina kazi ya kumpa.

Mei Mosi 2021, Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta ile asilimia 6, na adhabu ya kuchelewa nayo ikaondolewa mwaka huohuo. Bajeti ya mikopo ilipandishwa kutoka shilingi bilioni 464 hadi bilioni 570. Makato ya asilimia 15 yalibaki. Kwa maelfu ya walimu na wauguzi, deni lililokuwa halionekani mwisho lilipata tarehe ya kuisha, na hiyo ni nafuu ya kweli katika maisha ya watu, kubwa kuliko hotuba nyingi juu ya kujiajiri.

Mambo mawili yaliyofuata yanastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka wa masomo 2022/23 ulianzishwa ufadhili wa Samia Scholarship, unaowalipia gharama zote, bila mkopo, wahitimu wa kidato cha sita waliofaulu zaidi katika sayansi. Serikali imerudi, kwa wachache, kwenye utaratibu wa miaka ya 1960: inachagua taaluma inayoihitaji na kuilipia yenyewe. Na kuanzia 2023/24 mikopo imefunguliwa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, zikiwemo afya na ufundi. Binti wa Songea au Bukoba anayechagua mojawapo ya fani hizo za afya anaweza kukopa kwa masomo ya miaka mitatu, akatoka na deni dogo kuliko la mwenye shahada na ujuzi unaotafutwa hospitalini.

Kilichokosekana katika yote mawili ni ile nusu ya pili ya mkataba wa zamani. Mhitimu wa 1966 alidaiwa miaka mitano, na aliyemdai alikuwa na wajibu wa kumpangia kituo. Leo zahanati za vijijini zina upungufu wa wauguzi na shule za kata zina upungufu wa walimu wa hisabati, huku wauguzi na walimu wa hisabati waliosomeshwa kwa mkopo wa serikali wakijaza fomu kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira mwaka hadi mwaka. Muuguzi wa namna hiyo angeweza kupelekwa Liwale kwa miaka mitatu, na kila mwaka wa kazi ukapunguza sehemu ya deni lake. Utaratibu huo hauhitaji kubuniwa upya, kwa kuwa nchi ilikwisha kuuendesha kwa miaka karibu 30. Utahitaji serikali ikubali kulipa mishahara ya watu ambao tayari imelipia masomo yao, na hapo ndipo bajeti ya Wizara ya Elimu na bajeti ya Utumishi zingelazimika kusomwa pamoja.